Jina Chini ya Bakuli

Kila alikoalikwa, Britta Halvorsrud alikwenda na chakula chake, na watu wengi walisema hicho ni kiburi. Alibeba kisanduku cha bluu chenye barafu ndani, sahani yake, kijiko chake, hata kitambaa chake cha kufutia mikono. Jumapili kumi na nne alikuwa amekaa mezani kwa wazazi wa Nels Oftedahl, akafungua kisanduku, akala vyake kimya, huku Bi Ardis, mama yake Nels, akimtazama kwa jicho la pembeni na kuwapitishia wengine mikate. Katika kaunti ile ya Minnesota watu hawagombani mezani. Hutabasamu, hukumiminia kahawa nyingine, halafu wakakusema mwaka mzima. Kula chakula chako kwenye meza ya mwenzako huko ni kumtukana mwenye nyumba bila kufungua mdomo. Britta aliyajua yote hayo, maana kazaliwa huko huko.

Angefanyaje sasa? Mwili wake haukukubali ngano. Chembe tu ya unga, hata ile inayojificha kwenye ufa wa mwiko wa mbao, ilimlaza kitandani wiki nzima akijikunja kwa maumivu ya tumbo. Daktari alimwambia ugonjwa huo hauna dawa, ila kuiepuka ngano maisha yake yote. Watu wakimtazama, msichana mzima wa miaka thelathini na moja, mashavu yamejaa, mikono ina nguvu za kumshika ndama kwenye kliniki ya mifugo alikofanya kazi, walidhani anadeka.

Ndipo Jumanne ile Bi Ardis akampigia simu mwenyewe. Katika miezi kumi na minne ya mapenzi yake na Nels hakuwahi kumpigia. Alisema Jumapili aje, na kisanduku akiache nyumbani. Nyama ya kuoka na viazi vingekuwepo, kisha yeye Ardis angetengeneza kitu cha matunda, cha haraka, kisicho na ngano wala sukari, ili Britta ale pamoja na Orville. Mzee Orville, mumewe, alikuwa na kisukari cha miaka tisa na alikuwa akila biskuti kwa siri ndani ya gari lake la shamba.

Britta alishukuru, akakata simu, akabaki ameitazama. Mtu aliyesema Pasaka iliyopita, kwa sauti ya kutosha kupenya ukuta wa jikoni, kwamba amepika chakula cha mazishi kanisani miaka arobaini na hakuna aliyekufa kwa mkono wake, kwa hiyo hajui atampikia nini mkwe asiyekula. Mtu huyo huyo leo ana huruma. Imetoka wapi?

Na Jumapili hiyo haikuwa Jumapili ya kawaida. Siku tisa nyuma Nels alikuwa amesimamisha gari kando ya shamba la mahindi, akatoa pete iliyofungwa kwenye leso, akamwomba waoane. Leso ilikuwa ndogo kwenye mikono yake mikubwa. Britta alimpenda Nels, alimpenda mpaka akiliona gari lake linaingia kliniki alisahau alichokuwa anaandika. Lakini hakuichukua pete.

"Siku nitakayokula mezani kwa mama yako nimefumba macho," alimwambia, "siku hiyo ndiyo jibu langu."

Nels alicheka, akadhani ni mzaha. Haukuwa mzaha hata kidogo.

Basi Jumapili ile, baada ya ibada, Britta aliingia jikoni kwa Bi Ardis mikono mitupu, na akajiona yuko uchi. Aliomba kusaidia, akaambiwa akae. Akachagua kiti cha pembeni ya friji, mahali ambapo angeiona mikono ya mama yule kila inapokwenda. Usimcheke. Aliyewahi kuumwa na nyoka hawezi kulala bila kutikisa shuka.

Jiko lilikuwa safi kupita kiasi. Ubao wa kukatia ulikuwa mpya, mwiko mpya bado una karatasi ya bei. Mtu mwingine angefurahi. Britta alizidi kuingiwa na wasiwasi. Mama wa mchumba wake wa zamani naye alikuwa na jiko safi.

Bi Ardis alimenya matufaha ya mti wao wenyewe, akayakata vipande vyembamba haraka haraka bila kuangalia kisu. Akakata na mapeasi yaliyoiva mpaka yanatoa maji, akisema hayo ndiyo yatakuwa sukari ya Orville, daktari karuhusu. Akanyunyiza mdalasini, akakamua limau. Wakati wote huo hakumtazama Britta machoni. Aliongea na matufaha.

Kisha akatoa kabatini bakuli la kioo la kuokea, kubwa, linang'aa. Britta, kwa kutafuta la kusema, akasifu kwamba ni zuri, akanyoosha mkono alishike. Bi Ardis akalinyakua. Si kulisogeza, ni kulinyakua, akalikumbatia kifuani, kitako cha bakuli kikiwa kimeelekea gauni lake.

"Hili niachie," alisema. "Linateleza."

Halikuwa na maji. Lingetelezaje? Britta akarudisha mkono mapajani, akauficha chini ya meza.

Halafu ikaja ndoo. Kila nyumba ya huko ina ndoo hizo, ndoo nyeupe za plastiki za aiskrimu zisizotupwa hata siku moja, na kwenye kila moja kipande cha utepe wa karatasi kimeandikwa kwa kalamu nene kilichomo. Bi Ardis aliitoa moja stoo, akaiweka mezani akimpa Britta mgongo, akachota kikombe kimoja, akachota cha pili. Alipoifunika na kuirudisha, utepe ukaonekana. Ulikuwa umeandikwa UNGA.

Britta alisogeza kiti mbele. Aliinua shingo kutazama kile mama yule anachokivuruga na siagi kwa vidole. Zilikuwa oti, zile punje bapa za uji. Oti safi mwili wake uliziweza. Lakini kwenye vidole vya Bi Ardis, katikati ya mafuta ya siagi, palikuwa na weupe. Kidogo tu, kama poda ya mtoto. Britta aliutazama weupe ule ukienda juu ya matufaha, bakuli likaingia oveni, mlango ukafungwa.

Alimfuata Nels kwenye korido ya makoti, akamshika mkono wa shati, akamnong'oneza habari ya ndoo. Nels alitabasamu. Alimwambia nyumba ile hakuna ndoo iliyowahi kuandikwa ukweli. Iliyoandikwa MAHARAGE ina misumari. Iliyoandikwa KAHAWA ina soksi zake za utoto. Mama yake hubadilisha vilivyomo lakini utepe haubanduliwi, tangu enzi za bibi yake. Akambusu kwenye paji la uso, akarudi kumsaidia baba yake kuvuta kiti.

Busu lile siku nyingine lingemtuliza. Leo alibaki amesimama kati ya makoti akilifuta.

Nyama ililiwa, viazi vililiwa, mvua na bei ya soya vikazungumzwa. Kisha Bi Ardis akaleta bakuli. Nyumba nzima ilinukia mdalasini na tufaha lililoiva, na juu oti zilikuwa zimegeuka rangi ya dhahabu. Alimpakulia mumewe kwanza, halafu Britta, kijiko kikubwa, kwenye kibakuli cha maua. Akaketi. Hakujipakulia. Aliweka mikono mezani akasubiri.

Hata Mzee Orville, aliyekuwa tayari na mashavu mawili yamejaa, aliacha kutafuna.

"Haya," alisema Bi Ardis. "Hakina ngano. Nimekwambia."

Britta alikishika kijiko. Alikitazama kile kibakuli, akamtazama Bi Ardis, na kwa mara ya kwanza siku hiyo macho yao yakakutana. Aliona kitu humo. Hofu? Ujanja? Hakuweza kujua. Kijiko kikawa kizito. Akakirudisha mezani polepole, akasema anaomba radhi, ameshiba.

Hapo ndipo alipomgeukia Nels. Alimtazama kwa moyo wake wote, akimwomba bila sauti. Aulize tu. Amuulize mama yake ile ndoo ilikuwa na nini. Neno moja lingetosha.

Nels alijikuna shingo. Alimtazama mama yake, akaona uso wake ulivyoanza kununa.

"Britta," alisema kwa upole, "Mama kahangaika wiki nzima. Kijiko kimoja tu. Kumridhisha."

Yalikuwa maneno yale yale aliyowahi kuambiwa zamani. Britta alihisi kitu kikimkatika ndani, kimyakimya. Alisukuma kiti, akasema asante kwa chakula kwa adabu aliyofunzwa na mama yake, akatoka nje hadi barazani.

Nels alimfuata mbio, mlango wa wavu ukajipigiza nyuma yake. Alimkuta amesimama kwenye ngazi anatafuta funguo za gari kwenye mkoba, na machozi yamemzuia kuziona.

"Nimekosea nini?" aliuliza.

"Hujui?"

"Nimesema kijiko kimoja, mpenzi. Sikusema umalize."

"Trent alisema hivyo hivyo. Kijiko kimoja, kumridhisha. Neno kwa neno."

"Mimi si Trent."

"Ndiyo maana nilikusubiri useme kitu kingine," alisema Britta. "Nilikutazama pale mezani, Nels. Nilikutazama."

Nels alitazama mbao za baraza. Masikio yalimwiva. Upepo ulikuja na harufu ya mahindi makavu. Britta alikuwa amezipata funguo. Alizishika tu.

"Trent ni nani?"

Waligeuka. Bi Ardis alikuwa amesimama nyuma ya wavu wa mlango, kitambaa cha vyombo begani. Hakuna aliyejua amesimama hapo tangu lini.

Mtu wa huko angejibu kwamba si mtu wa maana, akaondoka, na mambo yangeishia hapo kwa tabasamu. Britta alikuwa amechoka na tabasamu. Akaeleza. Alikuwa na miaka ishirini na sita, amevaa pete, harusi imebaki miezi miwili. Mama yake Trent alimwokea keki ya siku ya kuzaliwa, akaapa ni unga wa mchele. Alimsimamia mpaka akala. Siku nane alilala, akapoteza kilo tano. Siku ya tisa, amekwenda kurudisha sahani, alimsikia mama yule akimwambia dada yake jikoni kwamba aliweka unga wa ngano makusudi, alitaka kuona kama ni kweli anaumwa au anajifanya. Na Trent alipoambiwa, alimtetea mama yake.

"Alitaka kuona," Bi Ardis alirudia.

"Ndiyo."

"Na wewe unaniona mimi ni mtu wa namna hiyo."

Nels alianza kusema hapana, Mama, haikuwa hivyo. Britta alimnyamazisha kwa mkono.

"Sijui, Bi Ardis," alisema. "Hicho ndicho kinachoniumiza. Nampenda mwanao na sijui. Nimeona ndoo yako. Imeandikwa unga. Na ulivyolinyakua lile bakuli nikajiuliza unanificha nini."

Uso wa Bi Ardis ulikuwa mwekundu mpaka shingoni. Alisukuma mlango akatoka barazani, mwanamke mfupi, mpana, mwenye viatu vya kanisani ambavyo hakuwa amevivua. Alisema ndani ya ile ndoo mlikuwa na oti. Oti za watu wasiokula ngano, mfuko umefungwa na umeandikwa hivyo. Ameendesha gari saa moja na nusu hadi mji wa Fargo kuzifuata, kwa sababu hapa mjini hakuna, na alimuuliza msichana wa duka mara tatu mpaka yule msichana akakereka. Ubao amenunua. Mwiko amenunua. Siku nne amesugua jiko.

"Nakuamini," alisema Britta taratibu. "Sasa mbona hukuziacha kwenye mfuko wake?"

"Panya," alisema Bi Ardis, kwa mshangao wa mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa koti wakati wa theluji. "Hii ni nyumba ya shamba. Kila kitu kinaingia ndooni."

"Na ndoo ile ilikuwa na nini kabla ya oti?"

Bi Ardis alianza kujibu. Akasita. Ungeweza kuiona safari yake yote usoni, akirudi nyuma siku kwa siku mpaka Alhamisi alipozimimina oti ndooni kule stoo.

"Niliikung'uta," alisema. Na baada ya muda, kwa sauti ndogo: "Nikaifuta. Kwa kitambaa kikavu."

Mwanamke aliyesugua jiko siku nne alikuwa ameitia kazi yake yote kwenye ndoo ya unga, kwa mkono wake mwenyewe, kwa sababu hivyo ndivyo mama yake alivyofanya na bibi yake alivyofanya. Aliivuta ncha ya kitambaa begani, akaifinyanga.

"Ningekulaza kitandani," alisema.

"Hukujua."

"Ningekulaza kitandani, na mwanangu angekushikia kijiko." Alimgeukia Nels. Hakupaza sauti, lakini Nels alirudi nyuma hatua moja. "Wewe alikwambia habari ya ndoo?"

Nels akainamisha kichwa. Akasema aliambiwa.

"Na hukuniuliza."

"Sikutaka kukuudhi, Mama."

"Mimi naudhika mwaka wa sitini na sita huu na bado nipo," alisema Bi Ardis, akaingia ndani.

Walimkuta mezani anakusanya vibakuli. Kile cha Britta alikimwaga kwenye beseni la makombo ya kuku, bakuli kubwa likafuata, matufaha yale yote, oti za Fargo, dhahabu yote. Mzee Orville alikikumbatia kibakuli chake akasema yeye ngano haijamkosea kitu, miaka tisa hajala kitamu mbele za watu, atakayemnyang'anya aje na polisi. Bi Ardis alimwacha.

Britta alilichukua bakuli tupu alipeleke kwenye sinki. Angalau hilo aoshe mwenyewe. Bi Ardis akanyoosha mkono ghafla.

"Hilo niachie."

Ule ule unyakuzi. Ile ile sauti. Shaka yote aliyokuwa ameishusha barazani ikampanda tena Britta. Safari hii hakuachia. Alilishika kwa mikono miwili, na wanawake wawili wazima wakabaki wanavutana bakuli la kuokea mbele ya sinki.

"Bi Ardis, nionyeshe," alisema. "Tafadhali. Chochote kilichopo, nionyeshe leo, niondoke najua."

Mama yule aliachia. Akageukia dirishani, akaanza kufuta kioo ambacho hakikuwa na doa.

Britta akaligeuza bakuli. Kwenye kitako palikuwa na kipande cha utepe wa karatasi, kimeshika rangi ya kahawia kwa joto la oveni, kimebandikwa sawasawa. Kalamu nene ilikuwa imeandika kwa herufi kubwa: BRITTA OFTEDAHL.

Alisoma mara ya pili: jina lake, ukoo wa Nels. Kila mwanamke wa parokia ile ana jina lake chini ya bakuli lake, maana mabakuli yote huishia kwenye meza moja ndefu ya kanisa, kwenye harusi na mazishi, na baada ya hapo kila mmoja hulitafuta lake. Chini ya bakuli wanaandika jina la mtu wa nyumba. Jina la mgeni haliandikwi.

"Bakuli likienda kanisani bila jina halirudi," alisema Bi Ardis kwa dirisha. "Nimepoteza mawili kwa akina Tollefson."

"Lini uliandika?"

"Mpaka leo lilikuwa halijawahi kuguswa na ngano. Nilitaka uwe na moja lisilowahi kuguswa."

"Lini, Bi Ardis?"

"Mwezi wa sita." Alikuwa amefuta kioo mpaka kinalia. "Kijana alirudi kutoka kwako anapiga mluzi kwenye zizi la ng'ombe. Hajapiga mluzi tangu shule. Nikasema haya, yamekwisha. Halafu kila Jumapili unakuja na lile sanduku, nikawa nasema moyoni, huyu hataki kitu changu, nitampa vipi. Na leo ulipoliomba nikaona aibu. Ungesoma kabla hujaamua, ungeniona namlazimisha mtu."

Machozi yalimdondoka Britta yenyewe, yakaingia bakulini, na akacheka huku analia maana aliwaza kwamba sasa itabidi alioshe mara mbili. Alimtazama mama yule mgongoni, mabega yale mapana yaliyobeba sufuria za mazishi miaka arobaini. Kumi na nne, zile Jumapili. Yeye alikuwa akijilinda, na mwenzake alikuwa akihesabu jinsi anavyokataliwa.

Alifunga aproni safi iliyotundikwa ukutani, akalisugua bakuli kwa maji ya moto na sponji mpya, akalikausha. Akauliza kama kuna lozi. Zilikuwepo, za Krismasi, mfuko haujafunguliwa. Siagi? Kipande kipya, kwenye karatasi yake. Akamwambia Bi Ardis oti hazina lazima. Lozi zipondwe ndani ya mfuko wao kwa chupa, zichanganywe na siagi na mdalasini, zimwagwe juu ya matunda, dakika ishirini tu oveni. Bi Ardis alisikiliza kwa makini, midomo ikirudia.

Kisha Britta akafanya kitu ambacho hakuwa amekifanya kwa miaka mitano. Alivua aproni, akaitundika.

"Mimi natoka na Nels kidogo," alisema. "Utatuita."

Bi Ardis aligeuka kumtazama. "Hukai kuangalia?"

"Sikai."

Nje, chini ya mti wa matufaha, hakutulia hata kidogo. Shingo ilimwasha. Alijua dirisha la jikoni liko wapi nyuma yake, alijua angegeuka tu angeiona ile mikono. Aliyakusanya matufaha yaliyoanguka akayapanga juu ya uzio, moja moja, apate cha kufanya. Atasahau kunawa. Atachukua kijiko cha zamani. Atachungulia ile ndoo tena kwa mazoea. Alipanga matufaha.

Nels alisimama karibu, kofia mkononi.

"Nilitaka amani mezani kuliko nilivyotaka wewe uwe mzima," alisema. "Ndicho nilichofanya. Nimekiona sasa."

"Ndiyo."

"Sina cha kujitetea."

"Usijitetee. Siku nyingine uliza. Hata kama ni mama yako. Hata kama ni mchungaji. Nikikutazama mezani, Nels, wewe uliza."

Aliahidi. Hakuapa kwa mbingu wala nchi. Alisema tu kwamba ataiosha ile ndoo, na nyingine zote, abandue kila utepe. Britta akamwambia ya misumari aiache. Wakacheka kidogo, na mkono wake ukaingia ndani ya ule mkono mkubwa bila yeye kuamua. Hakugeuka kutazama dirisha. Ilimgharimu, lakini hakugeuka.

Bi Ardis aliwaita kutoka barazani. Mezani palikuwa na vibakuli vinne safari hii, na Mzee Orville ameketi mbele ya cha pili akiapa hajui cha kwanza kilikwenda wapi. Bakuli la kioo lilikuwa katikati, linafuka, lozi zimeshika rangi, maji ya mapeasi yanachemka pembeni. Bi Ardis alipakua. Alianza na Britta, na cha mwisho akajipakulia mwenyewe, akaketi. Vidole vyake vilikuwa vyekundu kwa kunawa.

Hakusema kwamba hakina ngano.

Britta alikichukua kijiko cha nyumba ile. Shaka ilikuwepo bado. Isingeondoka siku moja, pengine isingeondoka yote. Alichota tufaha moto na lozi zake, akakipandisha kijiko. Halafu, mbele ya wote, akafumba macho.

Kilikuwa kitamu, na uchachu kidogo wa limau. Mdalasini umezidi. Alitafuna polepole, akameza, akachota tena bila kufumbua.

Upande wa pili wa meza kijiko kilianguka sahanini.

"Britta," ilisema sauti ya Nels, haina pumzi. "Umefumba macho."

"Nyamaza, Nels," alisema. "Nakula."